Mzee Aliyelala Sinemani

Sijawahi kuipenda sinema, na mtu anayeipenda sana huwa namtilia shaka. Watoto wangu hudhani ni mambo ya kanisa, nami nimewaacha wadhani hivyo. Sababu yangu ni nyingine. Niliwajua mapema mno wale watu ambao kazi yao ni kuwaonyesha wenzao sinema, kisha kusimama mbele ya kitambaa cheupe, mikono nyuma, na kuwauliza wamejifunza nini. Mtu wa namna hiyo hana haja ya jibu. Analo tayari mfukoni.

Wa kwanza nilimwona Kisii mjini katika miaka ya hamsini, nikiwa mwalimu kijana, bado sijaolewa, na nikijiona msomi kweli kweli. Alikuja na gari la serikali lililovuta jenereta, kijana wa kuendesha mashine, na Mzungu mwenzake mwembamba aliyebeba kamera kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Yeye mwenyewe alivaa kaptura iliyopigwa pasi ikasimama, na alikuwa na tabia ya kutikisa kichwa kukubaliana nawe kabla hujasema neno. Chifu alimwita mtaalamu. Mtaalamu wa nini, hatukuambiwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa mtaalamu wa sisi.

Chifu alitangaza katika soko la Gesima, mashambani nje ya mji, kwamba sinema yenyewe ilihusu uzazi, na kwamba baada ya picha mgeni angeongoza majadiliano jukwaani. Akaongeza, na hapa ndipo watu waliposogea kusikiliza, kwamba mgeni alikuwa akizunguka kutafuta mahali penye watu walioamka. Watu wa Gesima wakizungumza vizuri, wakaonyesha kwamba wameelewa, watapewa mkunga aliyesomea kazi yake na chumba cha kuzalia karibu na soko. Wakishindwa, vitakwenda kwingine. Yaani mama zetu wangefanyiwa mtihani wa mdomo ndipo wapate mtu wa kuwashika mkono wakiwa na uchungu. Niliona ni upuuzi, lakini niliuona upuuzi huo kwa makini, kwa sababu dada yangu alikuwa na mimba.

Dada yangu alikuwa ameolewa Gesima. Alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alizaliwa akilia vizuri, akanyonya, kisha kabla wiki haijaisha akakaza taya, akakakamaa mwili mzima, akafa. Kwa mumewe walikuwa wameanza kunong'ona. Hawakuwa watu wabaya, ila shangazi mmoja wa mumewe alikwisha kumtaja msichana wa kule Tabaka aliyekuwa na nyonga nzuri. Dada yangu aliyajua hayo yote. Alikuwa akilima pareto na tumbo lake likiwa mbele yake, na mimi nikija kumtembelea aliniuliza swali moja tu: huko shuleni kwenu hawafundishi kwa nini watoto wanakakamaa? Hawakutufundisha. Nilizijua sehemu zote za ua, kwa Kiingereza.

Basi alisema ataenda kuiona hiyo sinema hata kwa kutambaa.

Mgeni alikuwa amepanga Jumamosi. Ilibidi aelezwe kwamba nusu ya watu aliowaalika ni Wasabato, na Jumamosi hawatafika hata akiwaonyesha mbingu yenyewe. Akatikisa kichwa, akasema inavutia sana, akahamishia Jumapili alasiri ili Wakatoliki nao wawe wametoka kanisani. Kila kitu kwake kilivutia sana. Ukumbi wa mjini, ambako watu wangeletwa kwa lori la serikali, ulikuwa na madirisha makubwa yasiyo na mapazia, kwa hiyo mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa pale mjini alituazima mablanketi ya dukani kwake kuziba mwanga. Aliyatundika mwenyewe, akiwa juu ya kiti, akituonya tusiyaegemee kwa sababu keshokutwa yanauzwa. Huyo angalau alijua alichokuwa akikifanya.

Kisha mgeni akaharibu. Watu walipoingia, walijipanga wenyewe kama kanisani, wanaume huku, wanawake kule, na njia katikati. Alipoona hivyo alisikitika. Alimwambia chifu kwamba sinema hii ni ya familia, na familia inayoendelea hukaa pamoja. Kila benchi akataka liwe na boma moja: baba, mwana, mke wa mwana. Chifu alikuwa Mgusii kama sisi. Alijua vizuri alichokuwa akiombwa. Lakini alikuwa na koti jipya siku hiyo, na mtu mwenye koti jipya mbele ya Mzungu hana kumbukumbu ya mila. Akasema, "Hii watu iko tayari, bwana, hapana sumbua," akaanza kuwapanga kwa fimbo.

Nisipolieleza jambo hili, msomaji wa kwingine hatanielewa. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani vivi hivi. Hawali pamoja, mmoja haingii anapolala mwenzake, na yale ya mwili, iwe kuoga, iwe kuzaa, iwe hata jina la kiungo, hayatajwi mmoja wao akiwepo, seuze kuonekana. Mtu hafundishwi hilo kwa maneno, anakua nalo. Sasa fikiria watu hao wakabanwa kwenye benchi moja, bega kwa bega, gizani, wakionyeshwa mwanamke mzazi kwenye kitambaa kikubwa kuliko ukuta wa nyumba zao. Mtaalamu wetu hakuuliza. Angeuliza, hata mtoto wa kuchunga ndama angemweleza.

Dada yangu alikalishwa kati ya mumewe na baba mkwe wake, mzee mrefu mkavu, mzee wa kanisa, aliyekuwa na kofia ya kufuma na fimbo ya mkongojo. Mama mkwe alibaki nyumbani na ng'ombe. Niliona dada yangu akivuta kitambaa chake cha kichwa hadi kwenye nyusi na kuinamisha uso. Nikajua sinema yake imekwisha kabla haijaanza.

Yangu nayo ilikwisha. Mchungaji mmoja, aliyekuwa miongoni mwa wageni wa jukwaani, alikumbuka kwa kuchelewa kwamba picha ile haiwafai wasichana wasioolewa, akatuamuru tutoke tukapike chai. Walimu watatu, wenye vyeti, tukapuliza moto jikoni nyuma ya ukumbi huku watoto wa kiume tuliowafundisha kusoma wakichungulia madirishani. Sina la kusema juu ya mchungaji yule ila kwamba aliongezewa sukari mara nyingi.

Kutoka jikoni hatukuona kitu, lakini tulisikia. Sauti ya sinema ilikuwa ya Kiingereza cha mbali, kama cha redio. Mgeni alikuwa akiifafanua kwa Kiswahili chake cha mashambani, na mwalimu mmoja wa kiume, msomi mwenye tai, alikuwa mkalimani wa kukigeuza Kiswahili hicho kiwe Ekegusii. Mwalimu huyu alikuwa ameoa mwaka ule. Mama mkwe wake alikuwa benchi la tatu. Mgeni alipoeleza habari ndefu ya kitovu cha mtoto, nini kifanyike, na nini kisifanyike, tukasikia mkalimani akikohoa, kisha akisema kwa Ekegusii, "Anasema tuchemshe maji." Mgeni akaendelea, kwa ari, akisema maneno ambayo sisi jikoni tuliyasikia tukaziba midomo kwa kanga. "Anasema tena maji yachemke," akasema mkalimani. Na ilipofika mahali pa hatari zaidi, mgeni akapaaza sauti, akazungumza muda mrefu, na yule mwalimu akasema, kwa unyonge wa mtu anayezama, "Anasema usafi ni kitu kizuri." Tulicheka hadi moto ukazima. Kisha nikamkumbuka dada yangu mle ndani, kainama, hana macho wala masikio, na kicheko kikaniishia.

Tuliingiza chai wakati wa majadiliano. Mablanketi yalikuwa yameteremshwa upande mmoja na mwanga ukiwapiga watu usoni. Jukwaani kulikuwa na viti vinne: mgeni, chifu, mchungaji, na mkalimani aliyelowa jasho hadi kwenye tai. Yule mwembamba alikuwa pembeni na kamera yake juu ya miguu mitatu, na taa ndogo kaielekeza kwenye mabenchi. Alikuwa amewapiga picha watu tangu mwanzo hadi mwisho. Mgeni alisimama, mikono nyuma.

"Sasa," akasema. "Ninyi naona nini?"

Watu wakainamia vikombe vyao. Ungewauliza hao hao, wanawake peke yao, nyuma ya jikoni letu, wangekueleza hadi jua lizame, na wangekuuliza maswali ambayo yangemfanya yule mtaalamu akae chini. Ungewauliza wanaume peke yao chini ya upenu wa duka, vivyo hivyo. Mle ndani, mtu angefungua mdomo vipi? Chifu alianza kuwakazia macho. Mwishowe mama mmoja mzee, kwa huruma tu, nadhani, kwa kuwa mgeni aliachwa amesimama, akasema waliona sufuria. Ukumbi mzima ukapumua. Naam, sufuria. Ilikuwa sufuria nzuri. Ilikuwa na mfuniko. Mwingine akasema ilikuwa kubwa, mwingine akauliza inauzwa wapi. Kwa muda mfupi majadiliano yalichangamka kweli, kwa sababu katika picha ile yote kitu pekee ambacho mtu angeweza kukitaja mbele ya mkwewe ni sufuria.

Mgeni alimgeukia mwenzake wa kamera, akasema kwa Kiingereza, bila kushusha sauti, maana hakudhani anayebeba sinia la chai anaelewa, kwamba ndivyo alivyotarajia: macho yao hayajafikia kufuata picha, wanaona vitu, hawaoni habari. Kisha akamwambia chifu palepale, kwa upole unaoudhi, kwamba watu wa Gesima bado. Labda miaka ijayo. Mkunga angepelekwa kwa watu waliochangamka zaidi. Chifu akamshukuru. Akamshukuru, na akamkabidhi tembo wa jiwe la sabuni aliyechongwa Tabaka. Mgeni akamgeuzageuza yule tembo, akauliza ana maana gani katika mila zetu. Chifu akasema ni nguvu. Aliyemchonga alimchonga kwa sababu Wazungu hununua tembo.

 Katika lori la kurudi waliozungumza walikuwa wanaume, na walichokizungumza ni yule mzee, baba mkwe wake. Alikuwa amelala. Mpiga picha mwenyewe alimwonyesha mwenzake kwa kidole, wakacheka: watu wameletwa kutoka Gesima kwa lori la serikali, na mzee wa kanisa anasinzia. Wanawe waliona aibu. Mzee mwenyewe alisema tu kwamba alichoka, na kwamba sinema ni kitu cha kuchosha, akafunika magoti yake kwa koti. Jina likamganda. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka, vijana walikuwa wakiambiana wamwangalie mzee wa sinema.

Dada yangu alijifungulia nyumbani, kwa kuwa mkunga hatukupewa. Mimi nilipofika mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, wa kike. Niliyoyakuta yalinishangaza. Wembe wa boma lile siku zote ulikaa umechomekwa kwenye nyasi za paa, juu ya moshi, na ndio uliokata vitovu vya watoto wale wawili. Safari hii dada yangu, akiwa na uchungu, alikuwa amekataa katakata usimguse mtoto mpaka uchemke ndani ya sufuria pamoja na uzi, na mama mkwe akaapa hajawahi kuona mzazi mkaidi kama huyu. Hakutaka wapake majivu wala kitu kingine chochote kitovuni. Tulimwangalia mtoto wiki nzima bila kupumua vizuri. Taya lake halikukaza. Alinyonya, akalia, akanyonya tena, na wiki ya pili nikamwona dada yangu akilala usingizi wa kweli.

Nilimuuliza alijuaje. Akasema, "Niliona."

"Wapi?"

"Kwenye sinema, kwani wapi?"

Nikamwambia asinidanganye, nilimwona kwa macho yangu jinsi alivyoinama, na pale alipokaa, kando ya nani. Akasema tena kwamba aliona, akamgeuza mtoto titi la pili, na nilivyomjua, mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Miaka michache baadaye nilipata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa miongoni mwa wanawake wachache sana pale, na hilo lilitufanya tualikwe kila mahali kama maua ya mezani. Chuo kilikuwa na ukumbi wa michezo wa kuigiza, wenye viti vya kukunja na pazia zito, na alasiri fulani za muhula kulikuwa na sinema, kisha mazungumzo na mgeni mwalikwa. Wanafunzi walikuwa wakienda wamechana nywele na kujitia kukunja uso. Swali halikuulizwa ili lijibiwe. Liliulizwa ili muulizaji asikike akisema neno refu.

Alasiri hiyo mgeni aliingia, nami nikamjua kabla hajageuka. Alikuwa ameota upara na ameacha kaptura, lakini kichwa kilikuwa kikitikisika vilevile. Aliweka karatasi zake juu ya meza, akatoa kitu mfukoni akazibana zisipeperuke. Tembo wa Tabaka. 

Mada yake ilikuwa jinsi Mwafrika wa kijijini anavyoitazama picha. Sasa nikaelewa kamera ile ilikuwa ya nini. Hakuja kutuonyesha sinema. Alikuja kututazama tukitazama. Taa zikazimwa, na kwenye kitambaa wakatokea watu wa Gesima, kimya, bila sauti, wakiwa na nguo zao za kanisani. Akasimulia habari ya sufuria na ukumbi ukaangua kicheko. Waliocheka kwa nguvu zaidi walikuwa wanafunzi wenzangu weusi, watoto wa akina mama walewale, wakihakikisha kwamba wamesikika wakicheka.

Kisha kamera ikasimama kwenye benchi moja. Dada yangu, kitambaa kikiwa kwenye nyusi. Kando yake mzee wa kofia ya kufuma, macho yamefumbwa.

"Na huyu," akasema mgeni, "ndiye nimpendaye kuliko wote. Amelala fofofo."

Wakacheka tena. Mimi sikuwa nikisikia. Nilikuwa nikimtazama mzee. Mtu aliyelala kichwa humwanguka. Cha kwake kilikuwa wima, na mkono wake ulikuwa umeishika fimbo imara. Akafumbua macho, akatazama kitambaa cheupe cha sinema, kwa muda mfupi tu, kama mtu anayechungulia mlangoni. Kisha akageuza uso upande wa ukuta, akafumba tena, akagonga fimbo chini mara moja. Sikusikia, filamu haikuwa na sauti, lakini niliiona fimbo ikigonga. Dada yangu akainua uso. Akatazama mbele, macho wazi kabisa, mdomo wazi kidogo, akitazama kama mtu anayekariri. Akatazama mpaka fimbo ikainuliwa ikagonga tena. Hapo akainama, na mzee akafumbua macho.

Walifanya hivyo tena. Na tena. Mbele ya kamera, mbele ya taa, mbele ya mtaalamu, wale wawili, ambao hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo la mwili na wasingeweza kuzungumza hata kwa kutishwa, walikuwa wamegawana sinema. Picha za mwanamke na mtoto alimwachia yeye. Za sufuria alizichukua mwenyewe.

Mwenyekiti wa mazungumzo alikumbuka kwamba miongoni mwao yupo mwanafunzi kutoka sehemu zile. Watu wakageuka. Mgeni alifurahi sana, akanitazama, asinikumbuke, kwani angemkumbuka vipi mpika chai. Akataka kuwaonyesha wasikilizaji kwamba anakijua Kiswahili.

"Wewe, mwanafunzi," akasema, akimwelekezea mzee wa pichani fimbo yake ya kuonyeshea. "Hii mzee nafanya nini?"

Nilisimama. Nilikuwa na maneno yote, na kwa lugha yake mwenyewe. Ningeweza kumvua nguo pale mbele ya pazia lake zito, akarudi kwao bila mada. Lakini ili nimvue yeye ningelazimika kuwaeleza vijana wale waliochana nywele ni kitu gani dada yangu alikitazama, na nani alimpa ruhusa, na kwa ishara gani. Mzee yule alikubali kuitwa mlala sinemani kanisani kwake ili lisitamkwe neno. Nisingempa huyu mtu neno hilo alibane chini ya tembo wake.

"Amelala, bwana," nikasema.

Akatikisa kichwa, akashukuru, na ukumbi ukacheka kwa mara ya mwisho. Nikaketi. Sijawahi kudharau kundi la watu kwa utulivu namna ile.

Likizo ilipofika nilikwenda Gesima. Mzee alikuwa uani ameota jua, na mjukuu wake, mrefu wa magoti sasa, alikuwa akimchezea mkongojo. Dada yangu alikuwa mlangoni akipepeta wimbi, mgongo wake ukiwa kwetu kama inavyopasa. Mzee aliniuliza tunasoma nini huko mbali. Nilimweleza hili na lile, kisha nikasema kwamba kuna siku walituonyesha sinema, na baadaye mgeni akauliza maswali.

Ungo wa dada yangu ukanyamaza.

 Mzee akamnyang'anya mtoto fimbo polepole, akaiweka mapajani.

"Nawe ukafanya nini, mwanangu?"

"Nililala, baba."

"Ulifanya vizuri," akasema. "Sinema inachosha."

Ungo ukaanza tena.